Baiskeli kwenye miteremko ya Sipi na Mlima Elgon: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila wiki napigiwa simu na mtu anayetaka kuja kuendesha baiskeli milimani, huku mashariki mwa Uganda. Wengi wako Kampala, wengine Kitale na Eldoret, mara mojamoja Arusha. Maswali ni yaleyale: breki, matope, fundi, nauli. Swali ambalo ningependa lije mwanzo huja mwisho, au haliji kabisa, kwa hiyo nimelipandisha juu mwenyewe.

Njia zenyewe ziko wapi?

Ziko ubavuni mwa Mlima Elgon, upande wa kaskazini-magharibi, wilaya ya Kapchorwa. Kitovu chake ni kituo cha biashara cha Sipi. Ukitoka Kampala unapita Jinja, Iganga na Tirinyi mpaka Mbale, takriban kilomita 240, halafu unaongeza kama 50 hivi hadi Sipi. Mwisho wa safari gari linaanza kukwea kona kwa kona na masikio yanaziba.

Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana. Kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321, lakini huko baiskeli haina kazi. Sisi tunacheza chini, kati ya tambarare ya Muyembe, yenye mwinuko wa kama mita 1,100, na ukingo wa msitu juu kidogo ya mita 2,000. Mlima huu ulijengwa tabaka kwa tabaka, mwamba mgumu juu ya udongo laini. Maji yakala kilicho laini, kigumu kikabaki kimetokeza kama rafu. Ndiyo maana Mto Sipi hauteremki kwa mfululizo, unaruka mara tatu, na poromoko kubwa la chini linakaribia mita 100.

Kwa mwenye baiskeli maana yake ni hii: ardhi imekaa kama ngazi. Utapiga pedali kwa raha kwenye kidato kilichojaa migomba na kahawa, unajiona bingwa, kisha kijia kinapinda na mbele yako hakuna kitu ila hewa na, mbali sana chini, nyanda za Karamoja zikiwa na rangi ya vumbi. Jifunze kusimama kabla ya kona usiyoijua.

Ni njia za nani?

Hili ndilo swali. Hakuna mtu aliyekaa akachora njia za baiskeli Sipi. Vijia vyote unavyoviona vimekanyagwa na watu: wa kwenda mtoni, shambani, shuleni, kanisani, sokoni, kwa wakwe. Vingi vinapita katikati ya shamba la mtu, vingine kwenye ua wake, kati ya jiko na banda la mbuzi. Wewe ni mgeni unayekatiza sebuleni ukiwa juu ya magurudumu.

Mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Mama aliyebeba jerikeni la lita 20 kichwani ana kilo 20 shingoni, hawezi kugeuka kukutazama wala kuruka pembeni. Ukimwona, shuka, rudi mpaka penye nafasi, ingiza baiskeli kwenye kahawa, msubiri apite. Mwamkie yeye kwanza. Atakuitikia hata kama hawezi kuinua uso. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyebeba kuni, na kwa mzee mwenye ng'ombe mmoja aliye mkaidi kuliko mwenyewe.

Funga kengele kwenye usukani na uipige mapema, kabla ya kona. Usipige kelele za "pisha!". Kengele ya baiskeli kila mtu huku anaijua, ni sauti ya miaka mingi. Kelele za mtu aliyevaa helmeti na miwani ya kioo cheusi ni fujo.

Na kahawa. Kuanzia mwezi wa nane au wa tisa mpaka mwisho wa mwaka watu wanavuna, wanamenya, wanaosha, kisha wanaianika juu ya turubai popote palipo tambarare. Mara nyingi palipo tambarare ni njiani. Mwaka wangu wa pili wa kazi hii nilikata kona kwa kasi nikapita juu ya pembe ya turubai la mama mmoja, na tairi la nyuma likarusha kahawa yake kwenye majani na kokoto. Nikarudi nimeishika baiskeli mkononi. "Mama, nisamehe." Akanitazama, hakuwa na hasira hata kidogo. "Kusamehe nimesamehe, mwanangu. Sasa okota." Akanipa beseni. Nilichuchumaa pale zaidi ya saa nzima nikitenga punje na kokoto, na wageni wangu wawili nao wakachuchumaa. Tangu siku hiyo napunguza mwendo nikinusa tu harufu ya kahawa mbichi iliyochacha.

Lazima niwe na kiongozi wa njia?

Kwa barabara kuu, hapana. Kwa vijia, ndiyo, na si kwa sababu utapotea tu. Maporomoko na mapango ya Sipi yako kwenye ardhi ya watu binafsi, na wenye ardhi wanatoza chochote wageni wanaopita. Usipokuwa na mwenyeji utajikuta unatoa pesa kwa kila kijana aliyesimama kwenye geti la mianzi, awe mwenye shamba au la. Kiongozi wa hapa anajua nani ni nani. Patana naye jioni iliyotangulia, mbele ya mtu wa tatu: mtaenda wapi, saa ngapi, malipo ya wenye ardhi yamo au hayamo. Beba noti ndogondogo. Mobile money inafanya kazi mtandao ukiwepo, na mtandao bondeni ni kama paka, huja unapojisikia wenyewe.

Sijawahi kuendesha milimani. Nianzie wapi?

Anzia kwenye lami, kati ya Sipi na mji wa Kapchorwa. Usicheke. Barabara ina vipandio virefu, miteremko ya kweli, upepo, ng'ombe, na malori yanayotoka Suam mpakani. Ukienda na kurudi asubuhi moja utajua miguu yako ina nini na breki zako zina nini.

Siku ya pili fanya mzunguko wa maporomoko matatu kupitia mashambani. Kilomita ni chache, lakini utashuka na kusukuma baiskeli mara nyingi kuliko utakavyoiendesha, na hiyo si aibu. Mizizi ya miti ya kivuli inakatiza njia, mawe yana ukungu karibu na maji, na kuna sehemu zenye ngazi za miti ambapo baiskeli inabebwa begani. Mzunguko huu unafundisha jambo moja kuu, kutazama mbele badala ya kutazama tairi.

Na mzoefu?

Kuna mbili ninazozipenda. Ya kwanza ni kupanda kutoka Sipi kwenda Kapkwai, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, kilomita kumi na kitu za udongo na mawe. Inapanda bila huruma. Migomba inapungua, viazi na kabichi vinaongezeka, ubaridi unaingia kwenye mikono ya shati. Ukifika langoni acha baiskeli, ulipe kiingilio, utembee kwa miguu na askari wa wanyamapori hadi maporomoko ya Chebonet. Kuna mizunguko ya kutembea huko ndani, na mianzi, na kima. Ukitaka kuingia na baiskeli hifadhini usijiamulie mwenyewe, zungumza na ofisi ya Mamlaka ya Wanyamapori kabla ya siku yenyewe.

Ya pili ni ile kila mtu anaitaka: kutoka Sipi hadi tambarare. Zaidi ya mita 600 za kushuka. Unaanza na sweta, unamaliza unatafuta kivuli. Juu ni kahawa, katikati ni mawe yaliyochongoka na vichaka, chini ni mahindi na vumbi la moto. Kiwiko kitauma siku mbili.

Breki zangu zitahimili?

Hapa sitanii. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 95, umteremshe mita 600. Nguvu aliyokuwa nayo juu lazima iende mahali, na mteremko wa polepole huipeleka karibu yote kwenye breki. Ni joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Sasa fikiria joto hilo liko kwenye vipande vinne vidogo vya pedi.

Breki za diski zenye mafuta zinafaa kuliko zote, mradi pedi ziwe nzima. Zipime kabla hujaja: pedi ikibaki nyembamba kama kadi ya simu, badilisha, kwa sababu huku hutaipata. Breki za diski za waya zinatosha, ila utazikaza njiani. Breki za mpira unaobana rimu zinafanya kazi kiangazi, na matope yakiingia zinageuka msasa zikala rimu yako mbele ya macho yako.

Usishike breki mfululizo. Bana kwa nguvu, achia, acha zipoe, bana tena. Tumia zote mbili, na kidole kimoja kimoja kama breki zako zinaruhusu. Ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, lakini ukiikaba ghafla utaruka usukani, na juu ya jiwe lenye maji gurudumu litateleza. Kaa nyuma ya siti, visigino chini. Simama kila baada ya dakika tano au kumi za mteremko mkali. Ukinusa harufu ya kuungua, umechelewa kusimama, na usiguse diski kwa kidole ili uone kama ni ya moto. Ni ya moto. Nina alama.

Baiskeli ya aina gani? Ninayo ile nyeusi ya kawaida.

Ile nyeusi naiheshimu. Imebeba kahawa ya mlima huu, imebeba wagonjwa, na kule Busia mpakani ndiyo iliyozaa neno boda boda, vijana wakivusha watu na mizigo toka mpaka hadi mpaka kabla pikipiki hazijaichukua kazi. Lakini ina gia moja, breki za vyuma na uzito wa mbuzi. Kuisukuma juu utaweza. Kuiteremsha kwenye vijia vya Sipi, tafadhali usijaribu.

Unahitaji baiskeli ya mlimani yenye shokamzoba za mbele, gia ndogo ya kweli, na tairi pana zenye meno. Shokamzoba za nyuma ni starehe, si lazima. Tairi zisijazwe upepo mpaka ziwe jiwe. Kwa mtu wa uzito wa kati na tairi ya inchi 2.2 yenye tyubu, kama psi 28 hadi 32 kwenye kipimo cha pampu inashika vizuri. Ukishusha zaidi ya hapo mawe yatakung'ata tyubu. Helmeti bila mjadala, na glavu.

Msimu upi ni mzuri?

Desemba hadi mwanzoni mwa Machi ni pakavu kuliko kipindi kingine chote. Kuanzia Aprili mvua zinashika na zinaendelea, zikipungua na kuongezeka, mpaka Oktoba au Novemba. Hata hivyo mvua nyingi za huku ni za mchana. Ukitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa tano umesharudi unakunywa chai huku wingu likijikusanya juu ya mlima.

Udongo ndio wenye neno la mwisho. Huu wetu ni mwekundu, mzito, wa kinamo. Ukiwa mkavu unashika tairi kama mkono. Ukilowa kidogo tu juu, unateleza kama sabuni. Ukilowa sana unang'ang'ania tairi, unajaa kati ya gurudumu na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na utajikuta umebeba baiskeli yenye uzito mara mbili. Weka kijiti mfukoni cha kukwangulia. Ukimaliza, subiri matope yakauke kidogo uyabandue, kisha osha kwa ndoo na kitambaa. Mashine za kuoshea pikipiki zenye presha zinasukuma maji na mchanga ndani ya beringi. Zinang'arisha huku zinaua.

Kuna siku ambazo hatutoki kabisa. Mlima huu huporomoka. Machi 2010 kule Bududa, na Novemba 2024 Bulambuli, jirani kabisa na hapa, udongo ulishuka na vijiji na watu wakafukiwa. Mvua ikinyesha siku mbili tatu mfululizo, hatupiti chini ya kingo zilizokatwa wala kwenye makorongo. Ukiona nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, au kijito kilichobadilika ghafla kuwa matope matupu, rudi ulikotoka na uwaambie watu wa nyumba ya karibu ulichokiona.

Nitasafirishaje baiskeli kutoka Kampala?

Basi linachukua, juu au kwenye buti. Taksi za abiria nazo huchukua, kwa bei ya kupatana. Fungua magurudumu yote mawili, geuza usukani, toa pedali, funga fremu na gunia au godoro kuukuu. Weka kipande cha mti kati ya mabega ya uma wa mbele ili usibanwe. Kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kifungue ukiingize ndani ya fremu. Usisahau, kwa sababu siku nilipokisahau mimi, kondakta aliweka magunia mawili ya vitunguu juu ya baiskeli yangu, na nilipofika Mbale kilikuwa kimepinda kuelekea kwenye spoku kama mtu anayechungulia dirishani. Kondakta akasema vitunguu vyenyewe ni vyepesi.

Lipia baiskeli kabla basi halijaondoka, udai risiti, na upande ukiwa umeona kwa macho yako mwenyewe mahali ilipowekwa.

Vipuri na fundi?

Fundi wa baiskeli wapo kila kituo cha biashara, chini ya mti au kwenye kibaraza, na wengi ni mafundi hasa. Gurudumu lililopinda atalinyoosha kwa spana ya spoku na jicho lake tu. Tatizo si ujuzi, ni vipuri. Tyubu ya inchi 26 utapata, ya 28 ya baiskeli nyeusi utapata, ya 29 sahau. Pedi za diski sahau. Mafuta ya breki ya pikipiki si lazima yakubaliane na breki zako, hivyo usiruhusu mtu "akusaidie" kuyamimina.

Jambo dogo linalokwamisha wengi ni valvu. Pampu ya fundi inaingia kwenye valvu ya baiskeli nyeusi. Pampu ya pikipiki inaingia kwenye valvu nene kama ya gari. Valvu nyembamba za baiskeli za kisasa haziingii popote. Njoo na kiunganishi chake, ni cha shaba, kidogo kama punje ya hindi, na kitakuokoa. Ongeza tyubu mbili, viraka na solusheni, kiungo cha cheni, waya mmoja wa gia, na sikio la akiba la kushikilia kile kidude cha nyuma, la baiskeli yako hasa maana hayafanani. Tairi ikichanika ubavuni, ikunje noti ya shilingi elfu moja uiweke ndani kati ya tairi na tyubu. Nimewahi kurudi Sipi kwa noti ya namna hiyo, na bado ikanunua ndizi.

Hewa ya huko inachosha?

Ukitoka Mombasa au Dar es Salaam, ndiyo. Kwenye mita 2,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, kwa hiyo kila pumzi ina oksijeni pungufu. Anayetoka Kampala, ambayo iko juu tayari, anahisi kidogo tu. Pumzika siku ya kwanza, kunywa maji, panda kwa gia ndogo, na usishindane na mtu.

Hasa usishindane na mtu anayekimbia kwa miguu. Huku ndiko kwao Stephen Kiprotich, aliyechukua dhahabu ya marathoni London 2012, na Joshua Cheptegei, aliyechukua dhahabu ya mita 5,000 Tokyo na ya mita 10,000 Paris 2024. Alfajiri barabara za Kapchorwa zina vijana wanaofuata nyayo hizo. Watakupita kwenye mpando, ukiwa juu ya baiskeli, na watakusalimu bila kuhema. Imenitokea mara nyingi kiasi kwamba sasa nasimama nijifanye nafunga kamba za kiatu.

Kiswahili kitanisaidia?

Zaidi ya unavyodhani. Wenyeji wa Kapchorwa ni Wasabiny na lugha yao ni Kupsabiny, ndugu wa lugha za Wakalenjin wa Kenya. Ukiteremka upande wa Mbale unaingia kwa Wagisu, na hapo "mulembe" ndiyo salamu. Kiswahili kimeingia kwa biashara ya mpakani, kwa ng'ombe, kwa jeshi na polisi. Mimi mwenyewe nilikulia kambini, baba askari, na nyumbani hatukuwa na lugha nyingine ya pamoja. Kampala bado wapo wanaokiona ni lugha ya kuogopesha, ingawa marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Soko la Kapchorwa halikusubiri katiba.

Watoto watakuita muzungu hata ukiwa mweusi kuliko wao. Ni helmeti.

Nitakula nini?

Matoke, posho na maharagwe, viazi, kabichi, na chapati ya mayai iliyosokotwa ambayo Uganda nzima inaiita rolex. Mbili asubuhi zinakupeleka Kapkwai. Njiani kuna ndizi mbivu na mahindi ya kuchoma. Maji ya mtoni usinywe bila kuchemsha au kuchuja, hata yakiwa maangavu namna gani, juu yake kuna ng'ombe. Na ukikaribishwa kahawa iliyokaangwa na kutwangwa palepale, kaa chini. Ni arabika ya mlima huu, na ile iliyo kwenye pakiti za dukani ni binamu yake wa mbali.

Mwanamke akija peke yake?

Wanakuja, na wanafurahia. Chukua kiongozi uliyeelekezwa na mwenyeji wa unapolala, na uwe na kaptura pana au leso ya kujifunga juu ya ile nguo ya kubana ukisimama madukani. Wanaume nao wafanye hivyohivyo. Hakuna mzee anayefurahia kuuona uumbaji wote wakati anakunywa chai.

Nikiumia?

Usiendeshe peke yako vijiani, hata ukiwa mzoefu. Kapchorwa kuna hospitali, na Mbale kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Kinachochukua muda ni kutoka bondeni hadi barabarani, na hapo gari la wagonjwa ni pikipiki, au mabega ya wanaume wanne na machela ya miti. Watakubeba, usiwe na shaka. Nambari ya polisi ni 999. Mwambie mtu unapolala mtapita wapi na mtarudi saa ngapi, na mkibadilisha mawazo mpigie. Kama shingo au mgongo unauma baada ya kuanguka, usiruhusu mtu akunyanyue haraka kwa wema wake.

Nimesikia Agosti barabara zinafungwa na ngoma?

Mwaka wa namba shufwa, ndiyo. Ni imbalu, tohara ya Wagisu, inaanza mwezi wa nane na kuendelea kwa miezi. Kati ya Mbale na Sironko utakutana na vijana waliopakwa unga, ngoma za kadodi, na umati uliojaza barabara ukingo kwa ukingo. Shuka, tembea na baiskeli pembeni, usipige picha ya kijana mwenyewe bila kuuliza. Safari ya saa moja itakuwa ya saa tatu.

Kuna kwingine Uganda kwa baiskeli za mlimani?

Kigezi, kusini-magharibi mwa nchi, bila shaka. Ziwa Bunyonyi liko karibu mita 1,960, limezungukwa na matuta ya mashamba yaliyopangwa kama ngazi, na njia za juu ya vilima zina mandhari ambayo inakufanya usahau breki. Kisoro, chini ya Muhabura wenye mita 4,127, kuna mawe ya lava yanayokata tairi kama kisu. Fort Portal kuna maziwa ya kreta ya Kasenda, vipandio vifupi vikali vinavyofuatana, panafaa kwa wanaoanza kuliko kwetu. Hifadhi ya Ziwa Mburo si milima, ni vilima, lakini unaendesha na askari kati ya pundamilia, na hilo huwezi kulipata Sipi.

Mimi nimeegemea Sipi kwa sababu ndiko ninakoishi. Mtu wa Kabale, kule Kigezi, atakuambia vingine, na atakuwa na hoja.

Nikishafika chini tambarare, nitarudije juu?

Njia tatu. Ya kwanza, kupiga pedali kwenye lami. Kona zile zote ulizoziepuka kwa vijia zinakusubiri, na jua la Muyembe saa saba mchana halina utani. Ya pili, taksi inayotoka Mbale, kama ina nafasi juu, na saa hizo mara nyingi imejaa kuku na sukari. Ya tatu ni boda: wewe unakaa nyuma ya dereva, magurudumu umeyafungua umeyavaa mabegani kama mkoba, fremu umeilaza mapajani, usukani umetokeza upande mmoja. Sema bei kabla ya kupanda, na umwambie dereva aende taratibu kwenye kona za kushoto, maana huko ndiko usukani utakakokuwa.

Fanyeni hivyo kabla ya saa kumi. Baada ya hapo wingu linashuka, na dereva atakudai ya kwenda na ya kurudi.